Nani Ameshika Kibali cha Binti Yetu?



Tulipokuwa Miono kwa kazi za kichungaji wakati wa likizo, sisi mafrateri wawili tulizoea kubaki nje ya kigango baada ya ibada ili kusalimiana na watu. Dominika moja mama mmoja wa WAWATA alituvuta pembeni, chini ya mwembe, akatoa bahasha kwenye mkoba wake. Ndani kulikuwa na karatasi nne zilizoandikwa Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.

"Wanangu, ninyi mmesoma. Nisomeeni hii. Binti yangu anakwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Wakala anataka asaini wiki hii hii."

Tukasoma. Mshahara umetajwa, na si mbaya ukiulinganisha na kibarua cha kuvuna mananasi kule Kiwangwa. Chakula na malazi juu ya mwajiri. Tiketi ya ndege juu ya mwajiri. Muda ni miaka miwili. Tulimweleza yote kwa Kiswahili, naye akawa anatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitegemea: "Na wakishindwana na huyo mwajiri, mwanangu atakaa kwa nani?"

Karatasi zile hazikuwa na jibu. Tumeandika makala hii kwa sababu ya swali la mama yule, na kwa sababu tunajua bahasha kama ile zimo katika nyumba nyingi za jumuiya zetu, kuanzia Miono na Mandera mpaka Bagamoyo mjini.

Utaratibu anaoingia binti huyo unaitwa kafala. Mwajiri ndiye anayemwombea visa, na kibali chake cha kukaa nchini kinafungwa kwenye jina la mwajiri huyo, ambaye wenzetu waliofika huko humwita kafili, yaani mdhamini. Neno lenyewe halina ubaya. Katika sheria ya Kiislamu kafala ni kumdhamini mtu au kumlea yatima, na majirani zetu Waislamu hapa Miono wanajua kwamba Kurani inatumia neno la mzizi huo huo inapoeleza jinsi Zakaria alivyopewa kumtunza Mariamu. Ni neno la huruma. Ubaya umeingia pale ulezi ulipogeuzwa kuwa utaratibu wa uhamiaji, ambamo mtu mmoja ni mwajiri na papo hapo ni mlinzi wa mpaka. Yeye ndiye anayelipa mshahara, ndiye mwenye nyumba anayolala mfanyakazi, na ndiye pia anayeamua kama mfanyakazi ana haki ya kuwepo nchini au hana.

Tazama unavyofanya kazi. Binti akitoka katika nyumba ile bila ruhusa, hata kama ametoka kwa sababu ya kupigwa au kunyimwa mshahara, mwajiri anaweza kutoa taarifa kwamba ametoroka. Tangu hapo anayetafutwa ni binti. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani Watanzania katika Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na wanawake 50 waliokuwa wamefanya kazi huko. Karibu wote walisema pasipoti zao zilichukuliwa. Wengi walieleza juu ya saa nyingi za kazi bila siku ya kupumzika na mishahara iliyopunguzwa au kucheleweshwa. Wengine walieleza mambo mabaya zaidi, ambayo hatutayaandika hapa kwa kuwa wadogo zetu nao wanasoma ukurasa huu.

Tuwe wakweli: mambo yamebadilika kiasi. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la mfanyakazi kupata kibali cha mwajiri wa zamani ili ahamie kwa mwingine. Oman ilifanya hivyo kuanzia Januari 2021 kwa wale waliomaliza mkataba. Hizo ni hatua njema na tunazisifu. Lakini mfanyakazi wa ndani kwa muda mrefu amewekwa nje ya sheria ya kawaida ya kazi na kupewa kanuni zake pembeni, zenye ulinzi mdogo. Tena hakuna mahali katika utaratibu ule panaposema kwamba kazi ya mikono ya miaka mingi inampa mtu haki ya kubaki. Anaweza kupika na kulea watoto wa nyumba moja miaka 20, wakamwita mama, na siku kazi inapokwisha ukaaji wake nao unakwisha.

Hapo wasomaji wengine watasema: basi vijana waende Marekani, huko mwajiri anakudhamini mpaka unapata ukaazi wa kudumu. Ni kweli njia hiyo ipo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 iliweka fungu la wafanyakazi wanaofanya kazi zisizohitaji hata miaka miwili ya mafunzo, kama vile usafi, kuchambua nyama viwandani au kuhudumia wagonjwa. Mwajiri kwanza anatakiwa athibitishe kwa Wizara ya Kazi kwamba amekosa Wamarekani wa kuifanya kazi hiyo, kisha ndipo anamwombea mgeni. Kadi ya ukaazi ikishatoka ni mali ya mfanyakazi, na mwajiri hawezi kuifuta kwa hasira. Tofauti hiyo na kafala si ndogo hata kidogo. Kwenye kafala kamba haina mwisho, na huku inao.

Shida ni kile kinachotokea kabla ya mwisho huo. Nafasi za fungu hilo ziliwekwa 10,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, tena wake, waume na watoto wanahesabiwa humo humo, na sheria nyingine ya mwaka 1997 iliruhusu zipunguzwe hata kwa nusu. Kwa hiyo watu husubiri miaka. Katika sehemu kubwa ya kusubiri huko, ombi lote linategemea mwajiri aliyeliandika. Akibadili nia au biashara yake ikifungwa, msubiriji mara nyingi anarudi kwenye mstari wa mwanzo. Mtu anayesubiri hivyo hana ujasiri wa kudai malipo ya saa za ziada. Anayameza.

Na hapa tuseme jambo moja kwa sauti, maana linawahusu vijana wa VIWAWA wanaoletewa matangazo ya namna hiyo kwenye simu. Tangu mwaka 2007 kanuni za Marekani zinamtaka mwajiri mwenyewe alipe gharama za ule uthibitisho wa Wizara ya Kazi, na zinamkataza kumtoza mfanyakazi. Basi mtu akikuambia utume milioni kadhaa "ili mwajiri akudhamini", anakuuzia kitu ambacho sheria ya nchi anayoitaja imekataza kiuzwe. Usiuze shamba la babu kwa ajili yake.

Kanada nayo ina vibali vinavyomfunga mgeni kwa mwajiri mmoja, na mwaka 2023 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa anayeshughulikia utumwa wa kisasa, Tomoya Obokata, baada ya kuitembelea nchi hiyo alisema wazi kwamba mpango huo wa wafanyakazi wa muda ni mazalio ya utumwa wa kisasa. Tunaitaja Kanada ili mtu asidhani kwamba tunazisema nchi za Kiarabu kwa sababu ya dini yao. Fundo ni lile lile likifungwa Muscat au Toronto: haki ya kukaa imewekwa mfukoni mwa mwajiri.

Sisi tunaosoma falsafa tuna mzee mmoja tunayekutana naye kila muhula, Aristotle. Wengi tunakumbuka kwamba katika kitabu chake cha siasa alimwita mtumwa chombo chenye uhai, na tunamlaumu kwa hilo, sawasawa. Ila kuna jambo la maisha yake tulilolijua juzi tu na likatushangaza. Aristotle hakuwa raia wa Athene. Alizaliwa Stagira, kaskazini, na pale Athene aliishi kama mgeni mkazi. Wageni wa namna hiyo walipaswa kuwa na raia wa kuwadhamini, walilipa kodi ya kichwa ambayo raia hakulipa, na hawakuruhusiwa kumiliki ardhi wala kupiga kura. Mtu aliyeufundisha ulimwengu kwamba binadamu kwa asili yake ni kiumbe wa kuishi katika jamii ya kisiasa, mwenyewe aliishi katika mji ambao kisiasa haukuwa wake. Mwaka 323 kabla ya Kristo, Aleksanda alipokufa na Waathene wakawageukia watu wa Makedonia, ilimbidi aondoke, na mwaka uliofuata akafia mbali na shule yake. Huwa tunajiuliza kama, njiani, alimkumbuka yule mtumwa wa kitabuni.

Tusilichukulie jambo hili kama la vitabu tu. Nchi hii tunayoikanyaga, ya Wazigua, Wakwere na Wadoe, inaujua mkataba wa kazi ya mbali kwa uchungu wake. Katika miaka ya 1830, wakati wa ukame na njaa kali, Wazigua wengi waliahidiwa kazi ya ujira ng'ambo. Hivyo ndivyo vizazi vyao vilivyosimulia. Walipanda majahazi wakidhani watafanya kazi, watalipwa na kurudi mvua zikirudi. Waliuzwa utumwani kusini mwa Somalia, wakalima mashamba ya watu. Baadhi walitoroka, wakaanzisha vijiji vyao katika msitu wa mto Juba, na lugha yao haikufa. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, wajukuu wao walikimbia, na baadhi wakaja Tanga wakizungumza Kizigua ambacho wazee wa Handeni walikielewa. Walipewa makazi Chogo, na mwaka 2009 habari ilikuwa kwamba wanapewa uraia wa Tanzania. Zaidi ya miaka 150 ilipita kati ya ahadi ile ya ujira na karatasi ya kuwaambia: kaeni, hapa ni kwenu.

Hatusemi kwamba kila wakala wa leo ni mfanyabiashara wa watumwa. Kusema hivyo ni uongo, na ni kuwadharau dada zetu waliokwenda kwa akili zao timamu. Tunasema tu kwamba watu wa pwani hii, ambao Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwakuta wakiuzwa sokoni, wana sababu ya kuusoma mkataba mara mbili.

Tulipoyasema haya kwenye jumuiya, mzee mmoja alitukatiza. "Ninyi mafrateri wali wenu unapikwa seminarini. Mtu aliyekosa mvua misimu miwili, hata mkataba mbovu kwake ni mkataba." Watu wakacheka, nasi tukacheka, lakini lilituingia. Akatutajia mama mmoja wa kijiji hicho aliyekaa Oman miaka minne, akarudi akajenga nyumba ya bati, akawasomesha wadogo zake wawili. Bosi wake alilia siku anaondoka. Tulikwenda kumsalimia. Yote ni kweli, na nyumba ni nzuri.

Jibu letu kwa mzee ni hili. Habari ya mama huyo ni njema kwa sababu alimpata mwajiri mwema. Angempata mwingine, kwa mkataba ule ule, sheria ile ile na ndege ile ile, leo tungekuwa tunasimulia mengine. Mwajiri mwema hahitaji kushika kibali cha mtu, kwa kuwa mfanyakazi wake atabaki kwa hiari. Anayekihitaji ni yule mbaya. Basi utaratibu huu unampa nguvu nani?

Wapo pia wanaotetea waajiri, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mwajiri amelipa wakala na amelipa tiketi. Mfanyakazi akiondoka mwezi wa pili, hasara ni ya nani? Tunakubali kwamba ni hasara. Lakini ni hasara ya biashara kati yake na wakala, na dawa yake ni mkataba kati yao wawili au bima. Duka lako likiibiwa huchukui pasipoti ya mteja. Mtu anapoanza kuona kwamba fedha aliyomlipa wakala imemnunulia binadamu, hata asipolitamka neno hilo, keshafika kwa Aristotle kwenye chombo chenye uhai.

Kanisa limelisema hili mapema. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba mhamiaji asiwekwe chini ya wafanyakazi wengine katika haki za kazi, na kwamba uhamiaji wa kutafuta kazi usigeuzwe nafasi ya kumnyonya mtu. Na zamani kabla ya hapo, Kumbukumbu la Torati sura ya 23 inakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyemkimbia, na inaagiza aachwe akae mahali atakapopapenda. Soma tena: akae atakapopapenda yeye. Hiyo ni sheria ya watu wa jangwani waliokuwa na watumwa, na bado inampa aliyetoroka haki ambayo kafala inamnyima.

Tukifika hapo inatubidi tujitazame. Sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni nayo inamtaka mwajiri ndiye aombe kibali cha kazi cha mgeni, na kibali kinakuwa cha kazi hiyo kwa mwajiri huyo, kwa muda wenye kikomo. Tunaelewa nia ya kulinda ajira za wananchi, na hatuoni kosa katika hilo. Tunaona kosa katika fundo. Na tukishuka kutoka kwenye sheria mpaka jikoni kwetu, wapo mabinti waliotolewa Singida na Dodoma kuja kufanya kazi katika nyumba za Wakatoliki wa mjini, ambao begi lao limefungiwa chumbani kwa mama mwenye nyumba "lisije likapotea", na mshahara wao "unatunzwa". Binti huyo ni raia, ana haki ya kukaa popote kuanzia Kagera mpaka Mtwara, na bado hawezi kutoka. Tumewahi kulizungumza hili kwenye mafungo ya vijana, na ukimya uliofuata ulikuwa mrefu.

Tunachokitaka, tukiulizwa, ni kitu kinachowezekana. Kibali cha kukaa kitolewe kwa jina la mfanyakazi, kwa muda unaojulikana. Akiachana na mwajiri apewe miezi ya kutosha kutafuta mwingine bila kuhesabiwa mkosaji. Na mahali ambapo miaka ya kazi inahesabiwa kuelekea ukaazi wa kudumu, ihesabiwe miaka ya kazi yenyewe, aliyoifanya kwa mwajiri mmoja au kwa wanne. Mwajiri aendelee kuwa mdhamini wa mshahara, matibabu na tiketi ya kurudi. Huo ndio udhamini wa kweli, na huo hakuna anayeukataa. Serikali yetu inapojadiliana na nchi hizo juu ya kupeleka vijana, suala hili liwe mezani pamoja na kiasi cha mshahara.

Kwa parokia zetu tunaomba jambo dogo zaidi. Paroko au katekista awe na mtu mmoja anayejua kusoma mikataba, mwalimu wa sekondari anatosha, na ijulikane kwamba baada ya Misa anapatikana. Wakala aulizwe leseni yake ya serikali. Na liulizwe lile swali la mama: wakishindwana, mtoto atakaa kwa nani? Kama karatasi haisemi, wakala aandike jibu kwa mkono wake na kutia saini.

Mama yule alimuuliza. Dominika iliyofuata alitusimulia kwamba wakala alikasirika, akasema wenye maswali mengi wabaki, wapo kumi wanaoisubiri nafasi hiyo. Tulimshauri asubiri atafutwe wakala mwingine. Mama alitaka kusubiri. Binti hakutaka, ana miaka 23, ni mtu mzima, na wadogo zake walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa kukosa michango ya shule. Akasaini.

Siku moja kabla hajaondoka alikuja kigangoni kutuaga. Tulikuwa tumempigia chapa nakala mbili za pasipoti yake, moja ikabaki kwa mama kwenye sanduku la kanga. Tulimwandikia kwenye daftari namba ya simu ya ubalozi wa Tanzania Muscat, tukamwambia aikariri, maana daftari linaweza kuchukuliwa na simu pia. Akaisema mbele yetu mara tatu, bodaboda wa kumpeleka barabara kuu akiwa anasubiri. Mara ya pili alikosea tarakimu moja, akacheka, akaanza upya.